UZI: Kesi za sumu ya viwanda kwa ofisi ndogo ya mawakili. Damu kwanza, barua ya madai baadaye

Wakili_Miritini (mwanzisha uzi)

Wasomi na wananchi, salamu. Uzi huu ni wa mawakili wa ofisi ndogo, wawili watatu na karani mmoja, wanaoletewa kesi ya mtaa mzima uliovutishwa moshi wa kiwanda au kunyweshwa maji machafu. Nitatumia risasi kama mfano. Nasema risasi ile ya kwenye betri za magari, si ya bunduki. Nimeichagua kwa sababu ndiyo sumu ambayo Kenya ina kesi iliyopanda ngazi zote za mahakama: Owino Uhuru, Mombasa.

Kwa kifupi kwa wasioijua. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi 2007 ubavuni mwa kijiji, kikafungwa 2014. Mwanaharakati Phyllis Omido na CJGEA, shirika la kutetea mazingira, pamoja na wakazi wakafungua ombi la kikatiba 2016. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, ikaamuru mazingira yasafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 nyingine za kufanya kazi hiyo. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ikakata rufaa. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa ile fidia na kurudisha suala chini likapimwe upya. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia mahali pake. Hesabu hiyo: karibu miaka tisa, na pesa bado ni ya kudaiwa. Ofisi isiyoweza kubeba faili moja kwa muda huo bila kufunga mlango itafute mshirika kabla ya kuweka sahihi.

Sasa hoja yangu. Kesi hizi hushindwa katika wiki sita za mwanzo, kabla hata ya namba ya kesi kupatikana. Wakili anapokea watu, anaandika barua kali ya madai, anawapa wenye kiwanda siku 14. Siku ya kumi lori la zege limeshamwaga saruji juu ya ua uliokuwa mweusi kwa majivu, tanuri limezimwa, na watoto hawajapimwa. Miezi mitano baadaye wanapimwa, vipimo vinasoma chini, na upande wa pili unauliza kwa utulivu kabisa: sumu iko wapi?

Sababu ni ya kimwili, si ya kisheria. Risasi kwenye damu hupungua nusu kila mwezi mmoja hivi tangu mtu aache kuivuta au kuila. Sehemu kubwa huhamia mifupani na kukaa huko miongo. Kwa hiyo damu inasema habari za miezi michache iliyopita tu. Ukichelewa, umepoteza shahidi ambaye hakuna samansi itakayomrudisha.

Utaratibu ninaoutetea: orodha ya kaya, damu, udongo, nyaraka za umma, kisha ndiyo mahakama. Barua ya madai iende siku ile ile unayoomba amri ya muda, si kabla.

---

Maabara_Likoni

Naunga mkono, na niongeze upande wa vipimo, maana hapo mawakili huharibu bila kujua.

Damu ya kuchoma kidole ni ya kuchuja tu. Mtoto aliyecheza kwenye vumbi la risasi ana vumbi hilo hilo kidoleni. Ukichoma bila kumnawisha sawasawa kwa sabuni na maji, unapima udongo na kuuita damu. Nawisha, kausha, futa kwa spiriti, tone la kwanza litupwe. Kila atakayesoma mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi achukuliwe damu ya mshipa, kwenye chupa iliyothibitishwa haina metali, yenye kizibo cha buluu iliyokoza. Chupa ya kawaida ya zambarau ikubalike pale tu maabara imeandika kwamba toleo hilo limepimwa na halina risasi.

Zile mashine ndogo za kubebwa mkononi zina mipaka. Ile inayotumika sana husoma kati ya 3.3 na 65. Juu ya hapo inaandika tu kwamba ni kubwa. Na mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba mashine za kampuni inayoitengeneza zilitoa majibu ya chini kuliko ukweli zilipotiliwa damu ya mshipa. Kwa hiyo damu ya mshipa ipelekwe maabara kubwa. Muulizeni mwenye maabara cheti cha ISO 15189 kwa damu, ISO/IEC 17025 kwa udongo na maji, na msome orodha iliyoambatana na cheti, kwa sababu maabara inaweza kuwa na cheti halali ambacho hakigusi kipimo cha risasi hata kidogo.

Kiwango cha kulinganisha: WHO mwaka 2021 ilisema mtu akifikisha 5 chanzo kitafutwe. Marekani hutumia 3.5 kwa watoto tangu 2021. Kwa 45 na zaidi mtoto anahitaji dawa ya kuitoa, na hapo naomba mnisikie: damu ya ushahidi ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ni kazi ya dakika tano, lakini matibabu yasisubiri kesi hata saa moja. Tena msipoteze pesa kwa kile kipimo cha mkojo kinachochukuliwa baada ya kumpa mtu dawa ya kuvuta metali. Mtu yeyote akipewa dawa hiyo atatoa metali nyingi kuliko kawaida, na hakuna kiwango kinachokubalika cha kulinganisha. Shahidi mtaalamu wa upande wa pili atakipangua kwa swali moja.

---

BintiSheria_Dsm

Nashukuru, Wakili na Maabara. Udongo unachukuliwaje? Sisi hapa tuliofundishwa sheria tunajua kwenda na kijiko na mfuko wa nailoni.

---

Maabara_Likoni

Dada, kijiko kinatosha kikiwa cha chuma kisichoshika kutu au plastiki, na kikioshwa kati ya nyumba na nyumba. Kosa huwa kwenye kina. Vumbi la moshi hukaa juu. Ukichimba sentimita 15 unachanganya tabaka chafu na mchanga safi wa chini, na jibu linashuka. Kwa swali la watoto wanameza nini, chukua sentimita 2.5 za juu. Kila nyumba chukua pointi tano, changanya ziwe sampuli moja: mlangoni, uwanja wa kuchezea, chini ya michirizi ya mabati (mvua inaosha paa na kumwaga vumbi lote pale), jikoni nje, na njia ya choo. Ile ya michirizi weka pia mfuko wake peke yake, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayosema zaidi. Maabara ichekeche na kupima chembe zilizo chini ya maikroni 150, zile zinazonata mkononi mwa mtoto.

Maji ya kupima metali yatiwe asidi ya naitriki hadi pH ishuke chini ya 2, la sivyo risasi inaganda kwenye ukuta wa chupa. Yakihifadhiwa hivyo yanaweza kusubiri hadi miezi sita. Zebaki usizidishe siku 28. Kikomo cha maji ya kunywa kwa risasi ni 0.01 mg kwa lita.

Sampuli za kulinganisha ndizo husahaulika. Watu huzichukua mahali popote palipo mbali. Pwani yetu ina kusi na kaskazi: kusi inasukuma moshi kuelekea kaskazini-magharibi, kaskazi inausukuma kusini-magharibi. Mtaa uliouchagua kuwa safi Julai unaweza kuwa ndio uliokula moshi Januari. Chora ramani ya pepo zote mbili kwanza, kisha chagua mahali pa kulinganisha upande wa mashariki, penye udongo wa aina moja na barabara ya ukubwa ule ule.

---

Mzee_wa_Petisheni

Wakili Miritini, kwa heshima, hapa sikubaliani nawe. Unasema ushahidi kwanza, mahakama baadaye. Watoto wanaendelea kuvuta moshi huku wewe unachora ramani za upepo. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 70(3) inasema wazi kwamba mwombaji halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Ingia mahakamani leo, omba amri ya kusimamisha, kisha kusanya damu chini ya ulinzi wa mahakama.

---

Wakili_Miritini

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na nusu yake naichukua. Ibara ya 70(3) inakufungulia mlango wa amri za kusimamisha, kuzuia na kusafisha. Kwa fidia ya mtu mmoja mmoja bado utaulizwa nani, aliumia nini, kwa kiasi gani. Angalia Mahakama ya Rufaa ilichofanya 2023: ugomvi ulikuwa juu ya namna kiasi kilivyofikiwa. Mahakama ya Juu ilikirudisha, lakini zaidi ya mwaka ulikwenda hapo, na si kila kijiji kitakuwa na nguvu ya kufika mpaka huko.

Kwa hiyo tufanye hivi: kama tanuri linawaka, wiki mbili, si sita. Watu 40 wa mwanzo wapimwe ndani ya siku kumi, wengi wao watoto chini ya miaka sita na wajawazito, kwa kaya zilizo kwenye duara tatu: ndani ya mita 100, mita 100 hadi 300, na zaidi ya kilomita moja. Udongo sampuli 15 hadi 20. Hapo unaingia na ombi lenye meno. Ndani yake omba pia amri ya kuhifadhi ushahidi: ua usichimbwe wala kumwagiwa zege, madaftari ya ununuzi wa betri yasiondolewe, na mtaalamu wako aruhusiwe kuingia.

---

Mzee_wa_Petisheni

Wiki mbili nakubali. Basi niongeze la mamlaka ya mahakama, maana pingamizi la awali halikosi. Watasema ungeanza kwenye Baraza la Mazingira au Kamati ya Malalamiko. Kwa miaka michache hukumu za kesi ya Kibos, mwaka 2020, ziliwapa nguvu sana wenye pingamizi hilo. Tarehe 28 Desemba 2023 Mahakama ya Juu katika kesi ya Abidha Nicholus ilisema kuwepo kwa njia nyingine hakumzuii mtu kuleta dai la Ibara ya 42 na 70 mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Iweke kwenye kurasa za mwanzo za hoja zako. Lakini kama malalamiko yako ya kweli ni leseni iliyotolewa vibaya, nenda Baraza, na siku 60 za kifungu cha 129 cha EMCA, sheria ya mazingira ya Kenya, zihesabu kwa kidole. Usivishe rufaa ya leseni kanzu ya Katiba, jaji ataivua.

Na andikeni ombi kwa usahihi. Kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 bado inauma: taja kifungu, taja kitendo, taja jinsi kilivyovunjwa.

---

Karani_Mkuu

Maswali mawili, wakuu. Ukomo wa muda ukoje? Na wafanyakazi wa kiwanda wenyewe waingie kesi moja na wanakijiji?

---

Wakili_Miritini

La pili kwanza, kwa sababu linaangusha wengi. Hapana, Karani. Mfanyakazi anabanwa na sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya 2007, WIBA. Kifungu cha 16 kinamzuia kumshtaki mwajiri wake kwa njia ya kawaida, na Mahakama ya Juu ilikithibitisha Desemba 2019. Dai lake linakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiporidhika anapeleka pingamizi kwa Mkurugenzi huyo huyo ndani ya siku 60, na akikataliwa ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Ajira. Lakini mtoto wa mfanyakazi huyo, aliyekula vumbi lililokuja na ovaroli ya baba, si mwajiriwa wa mtu. Dai lake liko huru. Kaya moja, faili mbili, rangi mbili za jalada. Ukiwachanganya, utapigwa pingamizi kwa mmoja na kesi ya wote itakaa mwaka ikisubiri uamuzi.

Ukomo: dai la madhara ni miaka mitatu chini ya kifungu cha 4(2) cha sheria ya ukomo, Sura 22. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu chini ya Sura 39, sheria ya ukomo kwa mamlaka za umma, na hapo ndipo ofisi ndogo huzama, kwa sababu sumu haijulikani ndani ya miezi 12. Kifungu cha 27 cha Sura 22 kinaruhusu kuongeza muda kwa mtu ambaye hakujua mambo ya msingi ya dai lake. Maombi husikilizwa bila upande wa pili, kwa hiyo ruhusa ile si ngao kamili. Mshtakiwa anaweza kuipinga kesi inaposikilizwa. Ndiyo maana karatasi ya siku ambayo mtu aliambiwa jibu la damu yake ni ya thamani kama jibu lenyewe. Mpe nakala, aweke sahihi na tarehe.

Ombi la kikatiba halina miaka iliyowekwa, ila ucheleweshaji usioelezeka unaweza kuliua.

---

BintiSheria_Dsm

Kwa wenzetu wa Tanzania, msinakili ya Kenya nzima nzima. Huku tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: kifungu cha 4 kinatoa haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, cha 5 kinatoa haki ya kwenda mahakamani. Ukiishitaki Serikali ni lazima notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, na tangu marekebisho ya 2020 hilo linagusa halmashauri na mashirika ya umma pia. NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, ukiliunganisha bila notisi, kesi inafutwa. Madhara ni miaka mitatu, kwa hiyo ukianza kuandika notisi mwezi wa 35 umeshachelewa.

Ukipitia sheria ya kutekeleza haki za msingi, Sura ya 3, marekebisho mengine ya 2020 yalitaka kiapo kinachoonyesha jinsi mwombaji alivyoathirika yeye mwenyewe. Shirika peke yake lilikwama hapo. Weka mama mwenye mtoto mwenye kipimo, awe mwombaji wa kwanza. Na tusisahau tulikotoka: wakazi wa Tabata walilipinga jaa kwa kesi ya 1988 ya Joseph Kessy, na wale wa Kunduchi Mtongani wakashinda kwa Festo Balegele ya 1991. Hukumu hizo zinaegemea haki ya kuishi, Ibara ya 14, na bado zinasomeka vizuri.

---

Karani_Mkuu

Na pesa? Wanakijiji hawana. Tunaweza kuchukua asilimia tukishinda?

---

Mzee_wa_Petisheni

Kenya, hapana. Kifungu cha 46(c) cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha makubaliano ya kulipwa endapo mtashinda tu. Andika makubaliano ya ada chini ya kifungu cha 45, ada iwe ndogo lakini iwepo, na gharama za vipimo, nakala na safari ziwe kwenye fungu lake. Shirika likilipia maabara, liandikwe hivyo na lisishike usukani wa kesi. Na mwambieni mteja siku ya kwanza kwamba hukumu dhidi ya serikali haikamatiwi mali: kifungu cha 21 cha Sura 40, sheria ya mashauri ya serikali, kinakataza. Unachukua cheti cha amri, unampelekea afisa mhasibu, asipolipa unaomba mahakama imlazimishe, kisha ndiyo dharau ya mahakama. Hiyo ni kesi nyingine juu ya kesi.

Kwa sababu hiyo pia usimshtaki mmoja. Kampuni ya kuyeyusha inaweza kuwa na kontena mbili na kiti. Katika kesi ya Owino Uhuru walishtakiwa serikali, NEMA, mamlaka ya EPZ (maeneo ya viwanda vya kuuza nje), kampuni na mwenye kiwanja.

---

Maabara_Likoni

Jambo moja la mwisho upande wangu. Upande wa pili atatafuta chanzo kingine cha risasi nyumbani, na Pwani vyanzo hivyo vipo kweli. Wavuvi huyeyusha risasi za nyavu jikoni. Kuna wanja wenye risasi. Kuna sufuria zinazofuliwa kwa vyuma chakavu, kuna rangi za zamani ukutani. Dodoso la kaya liulize yote hayo kabla ya damu kuchukuliwa, na majibu yasifichwe. Kaya ya mvuvi isiondolewe kwenye orodha, iwekwe alama. Kama watoto wa kaya zisizo na chanzo kingine wana damu iliyopanda kadiri unavyokaribia ukuta wa kiwanda, umejibu hoja kabla haijaulizwa.

---

Karani_Mkuu

Nimeelewa. Basi naomba mfano wa daftari, nianze Jumatatu.

---

Wakili_Miritini

Daftari moja gumu la kurasa zilizoshonwa, si za kuchana, na nakala yake kwenye kompyuta yenye neno la siri, maana hizi ni taarifa za afya na sheria ya data ya 2019 inakuhusu. Ridhaa ya mzazi ibanwe nyuma ya kila fomu. Mtoto aitwe kwa herufi na namba tu.

Mstari wa mtu mmoja usomeke hivi: K-017-03. Msichana, miaka 4. Mita 80 kutoka ukutani, kaskazini-magharibi. Amehamia Machi 2021. Baba hafanyi kazi kiwandani. Wanja hapana, nyavu hapana, rangi hapana. Kidole, tarehe, saa, jibu. Mshipa, tarehe, saa, namba ya toleo la chupa, jina la aliyechukua. Aliyepokea maabara, saa. Siku mama alipoambiwa jibu, sahihi yake. Kila mkono uliogusa chupa uonekane kwenye fomu ya makabidhiano. Pengo la saa nne bila jina, na chupa hiyo itakataliwa.

Picha na video zibaki kwenye simu iliyozipiga. Usizirushe kwa WhatsApp kisha ukaleta zile zilizorushwa, kwa sababu tarehe na mahali hufutika njiani. Mwenye simu ndiye atatia sahihi cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, si wewe wakili.

Na Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya kwenda kijijini, peleka NEMA barua chini ya sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016: ripoti ya tathmini ya athari, leseni, ripoti za ukaguzi wa kila mwaka, na kila amri ya kusimamisha iliyowahi kutolewa. Wana siku 21. Pale maisha yako hatarini ni saa 48, na mtoto mwenye 45 kwenye damu ni maisha hatarini; iandike hivyo kwenye aya ya kwanza, bila jina la mtoto. Barua iombe faili za viwanda vyote vya eneo hilo, isitaje kimoja. Gongesha mhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, na tarehe ya mhuri iingie kwenye daftari ukurasa wa kwanza.

---

Karani_Mkuu

Viwanda vyote, isitaje kimoja. Nimeiandika. Naleta mrejesho siku ya 22.